Kulegeza Vibati vya Transfoma kwa Joto: Mwongozo kwa Fundi wa Karakana Ndogo

Maswali ya wanagenzi ni yale yale, yawe yanatoka kwenye vibanda vya Kibuye mjini Kisumu, Nakuru au Bungoma. Mmoja anauliza kwa nini mashine ya kuchomelea aliyoiunda inapata moto kabla hajagusa chuma nayo. Mwingine anauliza kwa nini transfoma yake inanguruma. Wa tatu amesuka upya mota ya kinu cha posho, na mwenye kinu analalamika kwamba bili ya stima imepanda. Karibu wote huanza kwa kukagua waya, wakahesabu mizunguko, wakapima vanishi, na wasione kosa. Kosa liko kwenye chuma. Vibati, yaani mabamba membamba ya chuma yanayopangwa kuwa kiini cha transfoma au mota, vilitoka kiwandani vikiwa na sifa nzuri za sumaku, kisha viliharibiwa na mkasi, nyundo, tupa na moto usiopimwa, na mara nyingi vyaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya sifa hizo iwapo vitashughulikiwa kwa mpango.

Mwongozo huu unahusu vibati vya umbo la E na I pamoja na vipande vilivyonyooka, vile vinavyotumika kwenye transfoma za kuchomelea, za chaja na za viimarishi vya volti. Mota nimezitengea sehemu yake karibu na mwisho kwa sababu zina kanuni tofauti, na anayechanganya kanuni hizo mbili huharibu mota ya mteja.

Nadharia kidogo tu

Chuma cha kiini kina kaboni chache mno na kimetiwa silikoni, ambayo katika vibati bora hufika asilimia 3 hivi. Silikoni hiyo hupandisha ukinzani wa chuma karibu mara tano ukilinganisha na chuma kitupu, na kwa hiyo mikondo inayojizungusha ndani ya kibati hupungua. Unene nao una uzito wake: kibati kikiwa kinene maradufu, hasara ya mikondo hiyo huongezeka mara nne.

Hasara ya pili inatokana na chuma chenyewe kukataa kugeuzwa. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo sumaku ndani ya kiini hugeuzwa upande mara 100 kila sekunde. Fuwele za chuma zikiwa zimepondwa na mkasi au nyundo, kila kugeuka hudai nishati zaidi, na nishati hiyo huishia kuwa joto. Tukikipasha kibati moto wa kutosha na kukipoza polepole, fuwele hulegea na mikazo hutoweka. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya hapa.

Joto halitageuza chuma cha kawaida kuwa chuma cha silikoni, wala halitafanya kibati cha milimita 0.65 kiwe cha 0.35, wala halitakipa kibati cha kawaida mpangilio wa fuwele ulioelekezwa upande mmoja. Mpangilio huo, ambao Norman Goss wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1934, hupatikana kiwandani pekee, kwa kuvingirisha chuma kikiwa baridi na kukichoma kwenye haidrojeni kwa takriban nyuzijoto 1,200 kwa saa nyingi.

Utakavyohitaji

- Tanuri la umeme linalofika nyuzijoto 900 bila taabu. Tanuri dogo la vyungu linatosha. Jiko la makaa halifai, kwa sababu huwezi kulidhibiti.
- Sanduku la chuma kisichoshika kutu (stainless) lenye kifuniko, linaloingia ndani ya tanuri na kubakisha nafasi pande zote. Sanduku la chuma cha kawaida litatumika mara chache kisha liishe kwa magamba.
- Vipimajoto viwili vya themokapo aina ya K pamoja na visomeo vyake.
- Mtungi wa naitrojeni kavu, ile wanayotumia mafundi wa friji kupimia mivujo, au wa agoni inayotumika kuchomelea chuma kisicho na kutu, pamoja na regileta na kipima mtiririko.
- Nyuzi safi za chuma laini kutoka kwenye mashine ya kukereza, zilizooshwa mafuta.
- Maikromita, jiwe laini la kunolea, kipande cha kioo kinene, asetoni na glavu.
- Vanishi ya umeme isiyo nzito.
- Transfoma ya volti 24 inayohimili ampea 10, waya wa milimita 2.5 za mraba, fyuzi, voltimita na kipimajoto kinachosoma sehemu ya kumi ya nyuzijoto.

Kuhusu mahali pa kununua vibati vya zamani, sina la kulegeza. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni inayotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na udai risiti. Kiini kilichong'olewa kwenye transfoma ya kijiji kimewaacha watu gizani, na tena mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani yana kemikali za PCB ambazo si za kushikwa kwa mikono mitupu wala kuchomwa.

Hatua kwa hatua

1. Tambua chuma ulicho nacho. Pima unene kwa maikromita mahali pasipo na kutu. Vibati vya milimita 0.23 hadi 0.35 mara nyingi ni vya transfoma bora, vya 0.50 na 0.65 ni vya kawaida kwenye mota na transfoma za bei nafuu. Ukinunua chuma kipya chenye lebo, isome. M400-50A, kwa mfano, maana yake ni kwamba chuma hicho hakizidishi wati 4.00 kwa kilo kikiwa kwenye tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha wingi wa sumaku ndani ya chuma) na mizunguko 50 kwa sekunde, na unene wake ni milimita 0.50. M800-65A hupoteza maradufu. Iwapo muuzaji anakuuzia bamba la milimita moja akiapa kwamba ni la transfoma, mwachie.

Kama chuma chako ni cha fuwele zilizoelekezwa, tafuta upande kilikovingirishiwa na ukikate ili sumaku ipite kwa urefu wa upande huo. Ukikikata kinyume, hasara hupanda mara kadhaa, na hakuna joto litakalokuokoa.

2. Jua kilichopakwa juu ya kibati. Chukua kibati kimoja cha kutupa na ukishike kwenye mwali kwa koleo. Kikitoa moshi na harufu ya vanishi, kifuniko chake ni cha mimea au plastiki na kitaungua chote ndani ya tanuri. Panga kukipaka upya. Kisipotoa moshi na rangi yake ya kijivu ikabaki, kifuniko ni cha madini na kitastahimili joto la kazi hii.

3. Pima kabla ya kugusa chochote. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kisha mtu anabaki akikisia iwapo kazi yake ilisaidia. Huhitaji maabara. Panga vibati kuwa kiini kamili juu ya kiboksi cha waya, kisha zungusha waya wa kupimia.

Idadi ya mizunguko kwa kila volti hupatikana kwa kugawanya 45 kwa tesla unazotaka, kisha kwa eneo la mguu wa kati kwa sentimita za mraba. Tuseme mguu una upana wa sentimita 5 na rundo lina kimo cha sentimita 6. Eneo ni 30, lakini kwa kuwa kati ya vibati kuna vanishi na hewa, zidisha kwa 0.95 upate 28.5. Kwa tesla 1.2, mizunguko kwa kila volti ni 45 gawanya kwa 1.2 gawanya kwa 28.5, yaani 1.32. Kwa volti 24 utazungusha mara 32.

Sasa kiache kiini ndani ya karakana usiku kucha ili kilingane na joto la chumba. Asubuhi bandika kipimajoto kwenye mguu wa nje, kifunike kiini kwa blanketi nzito, kisha washa. Hakikisha volti kwenye waya wa kupimia zinasoma 24 wakati umeme unapita. Zikisoma pungufu, tesla nazo zimepungua kwa kiwango hicho hicho. Andika joto la dakika ya pili na la dakika ya kumi na mbili. Tafuta wastani wa kupanda kwa dakika moja, kisha uzidishe kwa 7.7, kwa kuwa kilo moja ya chuma hiki huhitaji karibu jouli 460 kupanda nyuzijoto moja. Jibu ni wati kwa kila kilo.

Ukiona joto limepanda nyuzijoto 6 kwa dakika hizo kumi, hasara ni wati 4.6 kwa kilo. Kwa kulinganisha, M400-50A ikiwa kwenye tesla 1.2 inatarajiwa kupoteza karibu wati 2.6 kwa kilo, kwa sababu hasara hufuata mraba wa tesla kwa makadirio mazuri. Kiini kilichounganishwa hupoteza zaidi ya kipande cha maabara kutokana na viungo vyake, kwa hiyo usitarajie kufika kabisa kwenye namba ya lebo. Naipenda njia hii kuliko vile vipima wati vya bei rahisi vya kuchomeka ukutani, ambavyo husoma vibaya mzigo unapokuwa wa sumaku tupu.

4. Ondoa makali ya ukingoni. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kibati kutoka pande zote mbili. Upande mmoja utateleza na wa pili utakwaruza. Huo ukwaruzo ni uzi mwembamba wa chuma uliosukumwa na kisu, na ukibaki, hutoboa vanishi ya kibati jirani na kuviunganisha viwili vikawa kimoja kinene. Kimo cha ukwaruzo huo kisizidi sehemu moja ya kumi ya unene wa kibati. Laza kibati juu ya kioo na upitishe jiwe laini upande unaokwaruza pekee, mara mbili tatu, bila kukandamiza.

Onyo: usitumie grainda. Grainda hupaka chuma juu ya kingo za rundo zima na kuacha utando mmoja unaopitisha umeme kutoka kibati cha kwanza hadi cha mwisho.

Kama unakata mwenyewe, noa kisu kwanza na uweke nafasi kati ya visu viwili iwe asilimia 5 hadi 10 ya unene wa kibati. Kisu butu hakikati, huchana, na chuma kilichochanwa hudhurika milimita kadhaa kuelekea ndani. Ndiyo maana vipande vyembamba huathirika zaidi: kipande cha upana wa sentimita moja kinaweza kuwa kimeharibiwa chote.

5. Osha mafuta yote. Asetoni, kitambaa safi, kisha kukausha. Baada ya hapo shika kwa glavu. Usafi huu una sababu ya msingi: mafuta yakiungua ndani ya sanduku lililofungwa huacha kaboni, na kaboni hupenya ndani ya chuma chenye joto. Viwanda huhangaika kuishusha kaboni hadi chini ya asilimia 0.003 ili chuma kisizeeke kisumaku kadiri kinavyotumika. Usiirudishe kwa uzembe wa dakika tano.

6. Panga ndani ya sanduku. Weka bamba nene lililonyooka chini kabisa. Laza vibati vikiwa vimelingana kingo, vyote vikielekea upande mmoja, na juu yake uweke bamba jingine la uzito wa kuvizuia visijikunje. Kama kifuniko chao kitaungua, nyunyiza unga mwembamba wa alumina au magnesia kavu, ule wa wafinyanzi wa tanuri, ili visishikamane.

Pembeni mwa rundo, na hasa karibu na mahali gesi inapoingilia, jaza nyuzi za chuma laini kutoka kwenye mashine ya kukereza. Zenyewe zitashika kutu ya moto kwanza na kuifyonza oksijeni iliyobaki, na vibati vitasalimika.

Hapa kuna kosa ambalo limezoeleka na linaonekana la busara. Wengi huweka makaa ya mkaa ndani ya sanduku wakisema mkaa unakula hewa. Ni kweli unakula hewa, lakini unatoa gesi ya kaboni ambayo huingia kwenye chuma na kukiharibu sumaku, huku juu kibati kikitoka kisafi na cha kupendeza. Vivyo hivyo takataka za kukereza chuma cha kutupwa, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hazifai, kwa sababu chuma hicho kimejaa kaboni. Tumia chuma laini peke yake.

Onyo jingine: usitumie mrija wala bamba lililopakwa zinki. Zinki hutoa moshi wenye sumu muda mrefu kabla sanduku halijafika kwenye joto la kazi.

Ingiza themokapo moja katikati ya rundo, si kwenye ukuta wa sanduku. Funga kifuniko kwa kukiketisha ndani ya mfereji uliojazwa mchanga mkavu wa mto, na uzibe mapengo kwa udongo wa mfinyanzi uliokaushwa.

7. Fukuza hewa. Kama sanduku lina ujazo wa lita 20, pitisha lita 5 za gesi kwa dakika kwa dakika 20 au zaidi, yaani mara tano ya ujazo wake, kabla ya kuwasha tanuri. Agoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iingie chini na hewa itokee juu. Baadaye punguza hadi lita moja au mbili kwa dakika.

Fungua milango na madirisha ya karakana. Naitrojeni na agoni hazina rangi wala harufu, nazo humwangusha mtu bila onyo lolote kwa kuchukua nafasi ya hewa. Na asikudanganye mtu uongeze haidrojeni kwa sababu viwanda vinaitumia. Viwanda vina vifaa vya kuizuia isilipuke, wewe huna.

8. Pasha moto. Kabla ya siku hiyo, jaribu themokapo zako. Ziweke kwenye maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na Kisumu kwenye 96 hivi. Anayetarajia 100 atarekebisha kifaa kisicho na kosa. Kwa upande wa juu, weka kipande cha waya safi wa alumini ndani ya kikombe kidogo cha udongo kando ya themokapo. Kiyeyukapo, kisomeo kiwe karibu na 660.

Pandisha joto taratibu hadi themokapo ya katikati ya rundo isome 780 kwa vibati vya kawaida, au 800 kwa vibati vya fuwele zilizoelekezwa. Hapo ndipo saa inaanza kuhesabiwa, si wakati ukuta wa tanuri ulipofika. Rundo nene linaweza kuchelewa sana nyuma ya tanuri. Shikilia saa moja, na kwa rundo nene saa mbili. Usizidi 850: juu ya hapo vibati huanza kushikamana na kujikunja, na kifuniko cha madini huanza kudhoofika.

Usikisie joto kwa rangi ya moto. Wekundu ule ule unaoonekana kung'aa jioni hauonekani kabisa adhuhuri chini ya jua la Kisumu, na tofauti ya nyuzijoto 100 inatosha kuiharibu kazi.

9. Poza polepole. Zima tanuri, usifungue mlango. Gesi iliyo ndani ya sanduku husinyaa inapopoa na kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo ongeza mtiririko mara tu unapozima, na uuendeleze hadi joto lishuke chini ya nyuzijoto 200. Kwa kawaida utafungua kesho yake. Anayefungua kwenye 500 kwa sababu mteja anasubiri hurudisha mikazo ile ile aliyokuwa akiiondoa.

Kibati kilichofaulu kina rangi ya kijivu iliyotulia, pengine chenye kivuli cha samawati kingoni. Kikamate kwa ncha moja ukiache kining'inie: utahisi kimelegea kuliko awali. Kuanzia sasa usikidondoshe, usikipinde, wala usikigonge. Kibati kikipindwa mara moja hadi kikabaki na mkunjo, pale penye mkunjo kazi ya tanuri imefutika.

10. Paka upya panapohitajika. Chovya kibati kwenye vanishi nyepesi, kining'inize kichuruzike, kisha ukaushe kama kopo linavyoelekeza. Lengo ni utando mwembamba mno. Vibati 100 vya milimita 0.50 vikibanwa vizuri visizidi milimita 52 hivi. Vikifika 55, umepaka rangi ya nyumba, na eneo la chuma ndani ya kiboksi limepungua.

11. Unganisha kiini. Pishanisha E na I, kibati kimoja kimoja au viwili viwili, ili kiungo cha tabaka moja kifunikwe na chuma cha tabaka linalofuata. Ukipanga E zote upande mmoja na I zote upande wa pili, mwanya wa hewa utakula mkondo mwingi. Kingo zenye alama ya kisu zielekee upande mmoja katika rundo lote. Sukuma I zikutane na E kwa kipande cha mbao, si kwa nyundo.

Boliti zinazopita ndani ya kiini zivishwe mrija wa kuhami, na chini ya kila washa ya chuma kuwe na washa ya faiba, pande zote mbili. Kaza mpaka mngurumo ukome, basi. Kukaza kupita hapo ni kurudisha mikazo kwenye chuma. Usichomelee rundo kwa mstari wa welding kutoka juu hadi chini. Mistari miwili ya pande zinazokabiliana inafunga njia kamili ya umeme kupitia kiini.

12. Pima tena kwa waya ule ule, mizunguko ile ile, volti zile zile na blanketi lile lile. Andika namba zote mbili kwenye daftari la karakana pamoja na unene, joto na muda.

Mota: usivuke nyuzijoto 370

Kila ninapoeleza kuhusu 780, kuna anayetaka kuiweka stata nzima ya mota, yaani ile sehemu yake isiyozunguka, tanurini. Usifanye hivyo. Mwili wa alumini huyeyuka kabla ya kufika hapo, vibati vilivyobanwa hujikunja, na vanishi kati yake huungua bila njia ya kuipaka tena. Unapochoma waya wa zamani ili uutoe, joto la kiini lenyewe lisizidi nyuzijoto 370, likipimwa kwa themokapo iliyoguswa kwenye meno ya stata. Kuchoma stata kwa kuni au matairi uani ndiko kunakoziua mota nyingi: moto huo haupimiki, na moshi wa matairi unadhuru majirani. Usipige tupa ndani ya tundu la stata ili rota, sehemu inayozunguka, ipite. Tafuta beringi mbovu au shafti iliyopinda.

Hili lina uzito zaidi kwetu wa maeneo ya juu. Mota hukadiriwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu yenyewe imepita hapo kidogo. Nakuru hewa ni nyepesi zaidi na hupoza kidogo, kwa hiyo kila wati ya hasara kwenye chuma hupandisha joto kuliko vile ingepandisha Mombasa.

Mambo yakienda mrama

*Vibati vimetoka na magamba meusi yanayobanduka.* Hewa iliingia. Kagua mfereji wa mchanga na mtiririko wakati wa kupoza. Magamba mepesi yaondolewe kwa brashi ya nailoni, vibati vipakwe vanishi na kupimwa. Mazito yamekula chuma, na vibati hivyo vitupwe.

*Vibati ni visafi lakini hasara imepanda.* Karibu daima ni kaboni: mafuta, mkaa, au takataka zenye chuma cha kutupwa. Kuchoma tena kwa njia ile ile hakutaiondoa.

*Hasara haikubadilika.* Ama joto halikufika katikati ya rundo, ama mikazo haikuwa ndiyo tatizo. Angalia kama vibati vimeunganishwa kwa umeme: gusa kibati cha juu na cha chini kwa omita. Ukinzani ukiwa karibu na sifuri wakati boliti zimetolewa, rudi kwenye hatua ya 4 na ya 10.

*Hasara imepungua lakini mkondo bila mzigo bado ni mkubwa.* Tafuta mianya kwenye viungo, au mizunguko pungufu kwenye waya wa msingi, ule unaopokea stima. Wasukaji wengi wa mashine za kuchomelea hupunguza mizunguko ili kuokoa shaba, na kiini hufikishwa mahali ambapo chuma hakiwezi kubeba zaidi. Kwa vibati visivyojulikana baki kwenye tesla 1.2.

*Vibati vimeshikamana.* Ulipita 850, au uzito wa juu ulikuwa mkubwa, au unga haukuenea. Vitenganishe kwa kuvitelezesha ubavu. Ukivibandua kwa bisibisi utavipinda.

*Stima imepotea katikati ya kazi.* Usifungue chochote. Ongeza gesi, acha sanduku lipoe kama katika hatua ya 9, na umeme ukirudi anza upya kuanzia hatua ya 7, ukihesabu muda wote wa kushikilia joto kutoka mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, hakikisha mtungi una gesi ya kutosha kwa usiku mzima, kwa sababu mtungi ukiisha kwenye nyuzijoto 600 vibati vyote vitashika magamba.